Gunia Lililolala na Usipa

Watu wa Ilopa, kijiji kile cha juu ya Busale, walikuwa na utani wao juu ya Tulinagwe: ukitaka akalie kiti, mfunge kwanza miguu. Alipika amesimama, alimenya ndizi amesimama, na hata kanisani alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alizaliwa Matema, ziwani, akaolewa huku mlimani na Asajile. Mwaka ule wa tisini na sita alikuwa ametimiza miaka tisa ya ndoa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni.

Si kwamba walikosana. Ndiyo mila ya Wanyakyusa. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hamsemeshi, hali mbele yake. Akisikia anakuja, anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Bondeni wengi walishaanza kulegeza, lakini mzee Hezroni alikuwa mtu wa zamani, na Tulinagwe alikuwa na adabu zake. Alimjua mzee kwa kikohozi, na kwa mlio wa kiatu cha kushoto kilichoachia soli.

Kahawa ya Ilopa ilianza na mzee huyo. Yeye ndiye aliyepanda miche ya kwanza, akawagawia wanawe na majirani. Zamani walikuwa wakiiuza kwa ushirika. Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na magari yao, kila mmoja na mzani wake, na walichokitaka ni uzito tu. Buni ya Ilopa, iliyochumwa nyekundu tupu na kuoshwa kwa maji ya mto, ikamwagwa kwenye gari moja na buni ya mabondeni iliyochumwa mbichi kwa mbivu. Mzee Hezroni lilimkaa kooni jambo hilo. Siku moja akajaza kopo moja la buni yake, akashuka nalo hadi Kyela mjini, dukani kwa Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha alikuwa binti wa muuza kahawa aliyetoka Kilwa, na alikaanga kahawa tangu urefu wake ulipolingana na meza. Prisca, mama mkwe wa Tulinagwe, alikwenda na mumewe siku hiyo, na aliporudi alisimulia jikoni mpaka moto ukazima.

"Alikaanga, akatwanga, akachemsha, akavuta funda moja kwa kelele kama mtoto anayekunywa uji. Akasema, 'Hii imetoka mahali penye baridi usiku.' Wala tulikuwa hatujamwambia tunakotoka."

"Alijuaje, mama?"

"Kasema inaanza na uchachu wa ndimu changa, halafu inakuachia utamu wa muwa. Ya bondeni haina hayo. Joto linaliivisha tunda haraka, kama hindi kwenye moto mkali, nje limeungua na ndani bado. Huku kwetu tunda linaiva polepole, linapata muda wa kuweka utamu. Baba yenu akamwambia udongo wetu ni majivu ya mlima Rungwe. Akajibu, 'Hata majivu nimeyaonja, mzee.'"

Bi Mwanaisha alikuwa na mnunuzi wake Mbeya, aliyetaka kahawa isiyochanganywa, inayosafiri na jina la kilima chake. Akatoa sharti. Nyumba kumi za Ilopa zikusanye buni yao mahali pamoja, gunia moja kila nyumba, naye atapanda kuja kuionja. Ikiwa na ladha ya lile kopo, itaondoka kwa jina la Ilopa. Ikiwa na ladha nyingine yoyote ndani yake, iende garini na ya wengine.

Toka hapo mzee Hezroni akawa haongei habari nyingine. Alimwambia mkewe kwamba kabla hajafa anataka kulisikia jina la kilima chake likitajwa mahali asipopajua. Tulinagwe naye, ambaye mumewe Asajile alikuwa ameenda kazini kwenye mgodi wa makaa Kiwira, alichuma peke yake, akachagua tunda moja moja, akageuza buni kichanjani mchana kutwa. Gunia lake lilipojaa alilishonea kiraka cha bluu ili alitambue.

Wiki hiyohiyo dada yake Anyitike akafika kutoka Matema na magunia mawili ya usipa, wale dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, akielekea mnada wa Tukuyu. Miguu ilikuwa imemvimba, akalala siku tatu. Nyumba ya Tulinagwe ilikuwa chumba kimoja na jiko, na mzigo wa mgeni haulazwi nje. Usipa ukawekwa pembeni, ubavu kwa ubavu na kahawa. Jumatano Anyitike akaondoka.

Alhamisi Prisca akaja na habari. "Bi Mwanaisha anakuja keshokutwa. Baba yenu atamwaga buni yote kwenye turubai moja, ichanganyike vizuri kabla ya kuonjwa. Ameagiza tuangalie sana, buni haina mlango, kila harufu inaingia. Isiwe imekaa na mafuta ya taa, wala vitunguu, wala samaki."

Tulinagwe alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Lakini safari hii alitafuta kigoda, akakaa.

Mama mkwe alipoondoka, aliingiza kichwa kizima ndani ya gunia. Akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akaenda mpaka kwenye mgomba, akarudi, akavuta tena. Kitu hakuna. Lakini yeye alilelewa juu ya mikeka ya usipa, pua yake ilishazoea toka utotoni, ataijulia wapi harufu hiyo? Akakaanga kiganja kimoja kwenye kigae cha chungu, akatwanga, akachemsha, akanywa. Ilikuwa tamu. Ilimkumbusha mama yake, na asubuhi za pwani ya Matema.

Hilo ndilo lililomtisha. Kwa nini kahawa ya mlimani imkumbushe Matema?

Usiku alijigeuza kitandani kama samaki nchi kavu. Aliomba, akaanza tena kuomba, akapotea katikati ya sala. Moyo mmoja ulimwambia, nyumba kumi, gunia lako moja, nani atajua? Moyo mwingine ukasema, huyo aliyeonja majivu ndiye asijue usipa? Ijumaa kutwa alipanda na kushuka njia ya kwa mama mkwe. Mara ya kwanza akarudia njiani. Mara ya pili akamkuta Prisca na wageni wa kanisa, akajifanya amekuja kuomba chumvi. Akasema, kesho alfajiri nitamwambia.

Alfajiri hiyo alikwenda mtoni kuchota maji. Aliporudi, pembe ya chumba ilikuwa tupu. Shemeji yake Lazaro alikuwa amepita na baiskeli kukusanya magunia.

Tulinagwe aliangusha ndoo, akakimbia.

Alipofika ukingo wa uwanja wa wakwe zake alisikia kikohozi. Akajitupa nyuma ya migomba, akafunika kichwa kwa kanga, akageuka mgongo. Prisca hakuwepo, alikuwa ameteremka barabarani kumpokea Bi Mwanaisha. Lazaro naye hayupo. Alisikia soli ya kiatu ikipiga, turubai likikung'utwa, kisha kisu kikikata kamba ya gunia la kwanza, na buni ikimwagika kama mvua juu ya bati.

Kamba ya pili ikakatwa.

Mbele yake alikuwa amefungwa ndama, akitafuna ganda la ndizi na kumwangalia. Tulinagwe alimkazia macho ndama huyo.

"Ndama," alisema kwa sauti kubwa iliyomtoka ikitetemeka, "nisikilize. Gunia lenye kiraka cha bluu lisifunguliwe."

Kisu kikanyamaza. Mzee akakohoa. Alipojibu, sauti yake haikuelekea kwa Tulinagwe.

"Ndama, leo umekuwa na maneno. Kiraka cha bluu ni cha nyumba ya Asajile. Gunia lina nini?"

"Limelala na usipa siku tatu, ndama. Mgeni alitoka ziwani."

"Mzigo wa mgeni haulali nje, hilo sikatai. Ila mwenye gunia hakusikia harufu?"

"Mwenye gunia ni mzaliwa wa Matema. Kwake usipa hauna harufu."

Mzee akatoa sauti ambayo Tulinagwe hakujua kama ni kikohozi au kicheko.

"Na alingoja mpaka kisu kiko mkononi?"

"Aliogopa, ndama. Amekosa, na anaomba radhi."

Kisha akasikia gunia likiburutwa, likienda mbali na turubai, mpaka likagonga ukuta.

"Ndaga, ndama," alisema mzee Hezroni, akimshukuru kwa Kinyakyusa.

Bi Mwanaisha alipofika, Tulinagwe alikuwa jikoni kwa mama mkwe, akizunguka mafiga matatu. Kupitia ukuta wa mianzi alisikia buni ikipasuka kikaangoni, kinu kikitwanga, kisha lile funda la kelele. Alishika nguzo ya jiko.

"Ndiyo yenyewe," alisema Bi Mwanaisha. "Ndimu na muwa. Mzee, hii inaondoka na jina lake." Kikombe kikawekwa chini. "Na lile linalotazama ukuta kama limeadhibiwa?"

"Onja tu, ujue."

Akakaanga, akaonja. "Kahawa nzuri hii, imechumwa na mtu mwenye macho. Lakini imeoga ziwani. Ungeichanganya na hizo tisa, nisingechukua hata moja. Nani aliyeligundua?"

"Ndama wangu."

"Basi huyo usimuuze."

Wanaume wa zile nyumba kumi, waliokusanyika uwanjani, wakacheka. Jikoni Tulinagwe akacheka pia, na machozi yakimtoka. Magunia tisa yalifungwa upya, yakaandikwa Ilopa kwa wino mweusi. Gunia la kiraka cha bluu likangoja gari la wanunuzi wengine, waliopima uzito tu, likaenda bila jina. Alilitazama mpaka likapotea kwenye kona, tunda moja moja alilolichagua, lote likiwa limepakizwa na buni ya mabondeni.

Jumatatu Prisca akaja akiwa na uso wa mtu anayeficha jambo.

"Baba yenu anasema kesho uende mtoni kufua. Na usirudi mapema."

"Kwa nini, mama?"

"Anajenga ghala dogo la kahawa nyuma ya nyumba yako, lenye miguu na mlango wake. Atalijengaje na wewe unazunguka hapo?"

Kesho yake Tulinagwe aliteremka mtoni na kapu la nguo. Juu kilimani alisikia panga likikata mianzi, kisha nyundo, kisha kikohozi. Alitamani kuona mlango unaelekea wapi, na kama mzee amepata mtu wa kumpa maji ya kunywa. Nguo zilikwisha jua likiwa bado halijafika utosini. Nyundo ilikuwa ingali ikigonga. Akakitazama kile kilima, akainama, akaanza tena kuifua ileile kanga aliyokwisha kuifua mara mbili.