Vichupa vya Uani

Leo nimefungua dawa ya tumbo la mtoto, na harufu ya shamari imenirudisha kwenye ua wa nyuma wa nyumba tuliyopanga ughaibuni, mtaa wa Mount Dennis, bibi akilima tuta la mchicha.

Jembe liligonga kichupa chenye maandishi ya Kiingereza. Bibi alinipa nimsomee.

"Ni dawa ya zamani ya kunyamazisha watoto," nilimwambia.

Alizibua, akanusa, akatabasamu. Kilinukia shamari, kama dawa yake mwenyewe ya mchango. Akakisuuza, akatia dawa yake humo, akamnywesha mdogo wangu mchanga, mumewe wa utani, ambaye hakuwa amekoma kulia tangu azaliwe. Akanyamaza palepale, akalala.

Tukarudi uani. Jembe likagonga kichupa kingine, kisha kingine. Tulipofika cha saba, vyote vya namna moja, chini yake kilitokea kiatu cha ngozi, kidogo kuliko kiganja changu.

Bibi aligeuka akaitazama nyumba. "Mbona kimya hivi?"

Akatupa jembe, akakimbilia ndani. Nilimkuta amempakata mdogo wangu, anamfinya mapaja, huku akimbembeleza kwa sauti ya chini.

"Lia, mume wangu. Lia."