Hesabu za Leba Zilizonipeleka London

Niliitwa London kwa sababu watoto wetu walikuwa wameacha kufa. Ndivyo ilivyosema chati ya mradi: kati ya hospitali zote zilizofundishwa kumwokoa mtoto mchanga asiyelia, ni wodi yetu ya Makete tu ambayo mwaka mzima haikupoteza mtoto katika saa ya kwanza. Shirika lililogharamia mafunzo likataka mkunga mmoja aende akaeleze siri. Mganga mfawidhi akanichagua mimi, kwa kuwa ndimi ninayetunza kitabu cha leba, na kwa kuwa, alisema, Sista Tumaini hatetemeki mbele ya wageni.

Siri niliijua. Mtoto akitoka kimya tulimpulizia hewa kwa ule mfuko tunaouita ambu. Wengi walilia, na hilo ni kweli tupu. Lakini aliyevuta pumzi mbili tatu kisha akatuacha, tulimwandika kuwa amezaliwa mfu. Anayefariki baada ya kuzaliwa huitisha kikao cha wilaya, na mkunga wa zamu huhojiwa kama mwizi wa kuku. Aliyezaliwa mfu hamsumbui mtu. Tulijiambia pia kwamba tunamhurumia mama. Alianza mmoja, sote tukafuata, nami nikiwemo.

Jumapili alfajiri niliondoka Makete kwa basi la Njombe, ukungu ukiwa mzito hata kondakta akawa anashuka kuangalia kona. Kutoka Njombe hadi Dar ni siku nzima, na kutoka Dar hadi London ni kukaa, kula na kukaa tena. Afisa wa uhamiaji akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu nimekuja kueleza kwa nini watoto hawafi. Akanigongea muhuri.

Uwanjani nilipokewa na Rehema, Mtanga niliyesoma naye chuo cha uuguzi, ambaye sasa ni muuguzi wa watoto wachanga huko huko London. Alikuwa amenibebea koti zito.

"Vaa, shoga, baridi ya huku haina adabu."

"Hii ndiyo baridi? Sisi tunaamka umande umeganda sakitu kwenye viazi."

Croydon, kusini mwa London, tulifika Jumatatu saa tisa mchana. Rehema anakaa ghorofa ya tisa, na dirishani unaona tramu zikipishana na majengo ya ofisi yaliyofanana kama matofali. Binti yake Lulu, wa miaka minane, anaelewa kila neno la Kiswahili ila majibu yake ni ya Kiingereza. Shikamoo aliitoa baada ya kutazamwa na mama yake.

Jioni hiyo, tukila wali kwa maharage ya nazi, Rehema aliomba kuona nitakachowasilisha kesho yake. Aliipitia chati mstari kwa mstari.

"Hakuna hata mmoja, Tuma? Sisi hapa tuna machine za kila aina, na bado kuna shift natoka nalia."

"Ni ambu," nikasema.

"Tumesoma darasa moja mimi na wewe. Usinifanyie hivyo."

Nikamweleza. Aliweka kijiko chini akauliza mkutano utaamua nini. Nikamsomea ratiba: mradi unapelekwa wilaya nyingine, na mafunzo ya ambu yanapendekezwa kuondolewa, maana ni ghali, na kwa chati yetu wanadhani siri ni kumkausha mtoto na kumpa joto tu.

"Kwa hiyo huko watakakokwenda hakuna atakayefundishwa kumpulizia mtoto?"

"Hakuna."

"Basi sema."

"Nikisema, wenzangu watatu wataitwa pamoja nami. Mmoja amebakiza mwaka astaafu."

"Ni kweli," alisema Rehema. "Ni wewe unayerudi kule, mimi sirudi. Siwezi kukuamulia." Akaondoa sahani.

Jumanne saa nne tulikutana katika chumba cha vioo karibu na stesheni ya Euston. Mwenyekiti alikuwa daktari wa watoto, mama mtu mzima aitwaye Margaret, mpole na mwenye haraka. Walinipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia kumkausha mtoto na kumpa joto, na ningeweza kumaliza dakika zangu salama. Nilijikuta naukagua mlango wa kutokea. Mganga mfawidhi hakunijua vizuri.

"Chati hiyo si sahihi," nikasema. "Watoto hao wapo. Tumewaandika pamoja na waliozaliwa wafu."

"Wangapi?" akauliza Margaret.

"Sijui. Na tulioandika ni sisi."

"Kwa nini?"

"Tuliogopa kikao."

Alikata mstari kwenye ratiba yake. Kisha akasema mafunzo ya ambu hayaondolewi popote, na kwamba wataandika barua kwa wilaya yetu. Picha ya pamoja iliyokuwa kwenye ratiba haikupigwa. Niliona aibu, na nilipofika kwenye lifti nikaona pia njaa.

Alhamisi Rehema alinisindikiza uwanjani. Aliniuliza nitafanya nini wakinifukuza. Nikamwambia viazi vinanisubiri.

Jumamosi jioni nilifika Makete, na barua ilikuwa imenitangulia. "Umetuvua nguo, Sista," alisema mganga mfawidhi. Nilipewa onyo la maandishi, na wenzangu pia. Aliyekaribia kustaafu hajanisalimu mpaka leo. Katika orodha ya mkoa wodi yetu sasa ni ya mwisho. Mashine za Ulaya sikuziona. Nilichojifunza nilikipata nyumbani, wiki tatu baadaye.

Mama mmoja alijifungua mtoto wa kiume asiyelia. Tulimpulizia, akavuta pumzi, akaishi dakika kumi na moja. Niliandika kitabuni kwamba alizaliwa hai, nikaandika na dakika zake, kisha nikaenda kukaa kitandani kwa mama yake.

"Alikuwa hai?" aliuliza.

"Alikuwa hai. Alifungua macho."

"Nani alikuwa amemshika?"

"Mimi."

Alilia, nami nikalia. Kwetu aliyezaliwa mfu huzikwa na bibi zake bila jina. Alipotulia alisema, "Niandikie Yusufu." Nikaandika. Nilipokuwa nainuka akanishika mkono.

"Na yule wa mwaka juzi, Sista? Yule mliyeniambia alikuja amekufa?"

Nilikwenda kufungua kitabu cha mwaka juzi. Ameandikwa mfu, kwa mwandiko wangu, na mimi simkumbuki mtoto huyo.