Nilivyomfuta Mama Mkwe Kwenye Daftari la Kura

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii, lakini ndugu zake wameshaisimulia mpaka kwenye harusi za watu, kwa hiyo naona afadhali muisikie kwangu mwenyewe: mimi, mtu mzima, mwalimu wa hesabu, baba wa watoto watatu, nilimwandika mama yangu mkwe kwamba ni mtu asiyekuwepo. Niliandika kwa kalamu, na sahihi nikatia.

Ngojeni kwanza, msinicheke kabla sijafika kwenye meza.

Mimi ni mzaliwa wa Tororo, nikaenda kuoa Busia, mpakani na Kenya, upande wa Masinya, kwa Wasamia. Kwetu na kwao jambo hili ni moja: mama mkwe hazoeleki. Humshiki mkono, huli mbele yake, mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye mihogo mpaka mwenzake apite, humtazami usoni, na jina lake hulitaji kabisa. Kijiji kizima humwita Mama Nekesa, kwa kuwa Nekesa ndiye mke wangu na ndiye kifungua mimba. Miaka tisa ya ndoa, na kama ungeniuliza mama mkwe wangu anafananaje ningekueleza vizuri sana habari za viatu vyake.

Sasa uchaguzi ukakaribia, wakatafutwa walimu wa kukaa na daftari la wapiga kura kwenye vituo, wananchi waje wahakikishe majina yao yamo, na waliofariki au kuhama watajwe ili watolewe. Nikapata kazi, nikafurahi, halafu nikasikia kituo chenyewe ni kijiji cha wakwe zangu (mwalimu aliyepangiwa alikuwa ameugua, na mimi nikaona haya kusema siwezi kwenda, kule kuna mama mkwe). Kwenye semina walitusisitizia: jina likitiliwa shaka usikae mezani, inuka, mchukue mwenyekiti wa kijiji, mwende nyumba kwa nyumba mkaulize. Lakini hebu fikirieni, mkwe mzima azunguke kwa wakwe zake na reflekta ya manjano, kile kizibao cha kazi, anachungulia nyua za watu! Nikaamua nitauliza palepale mezani. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, wa kuokoa miguu na heshima.

Siku niliyoanza ilikuwa siku ya soko mpakani, na siku ya soko wanawake wa kijiji kile huwa wameshavuka na mizigo yao tangu alfajiri. Waliobaki kwenye veranda ya shule ni vijana wa boda na wazee wawili waliokuwa wakibishana juu ya mpira. Kijana mmoja akapitisha kidole kwenye orodha, akakwama kwenye jina moja.

"Mwalimu, hii Ajambo Perepetua ni nani? Hapa hakuna mtu kama hiyo. Hii ni ya Kenya, wanavukaga kuja kupiga kura."

Ukiishi mpakani unajua neno hilo linavyowasha watu. Nikasimama, nikauliza kwa sauti ya darasani, "Nani anamjua Ajambo Perepetua?" Vijana wakatikisa vichwa, wazee wakarudi kwenye mpira wao. Na picha yake ilikuwepo, msije mkasema picha ilikuwa mbaya, ilikuwa safi kabisa: mama mwenye kitambaa kichwani, macho yanakutazama kama umemvunjia chungu. Nikaikazia macho, nikasema moyoni, huyu simjui. Nikaandika "hajulikani kijijini", nikatia sahihi, wengine kadhaa nikawaandika vivyo hivyo, na jioni ile nikapanda boda kurudi mjini nikijiona nimeilinda nchi.

Orodha ya majina ya kufutwa ikabandikwa, na baadaye kamati ya wazee wa parokia, ile ya serikali si ya kanisa, ikakaa kusikiliza wenye malalamiko. Chumba kilikuwa darasa lenye mlango mmoja, watu wamejaa mpaka madirishani, mimi nimekaa pembeni ya kamati na reflekta yangu na makaratasi. Siku ya mwisho ya kusikiliza, mlangoni nikaona viatu.

Viatu vile navijua.

Sikufikiri, ndugu zangu, mwili ulijiendea wenyewe. Njia ya kutoka ilikuwa anapotokea yeye, madirisha yamezibwa na watu, nikaingia chini ya meza. Yeye akasimama mbele ya kamati, akaweka kitambulisho chake mezani, akasema, "Mimi ndiyo Ajambo Perepetua. Nasikia mimi siko. Nilikwenda mpaka ofisi ya wilaya wakanirudisha hapa, siku tatu sijashika jembe. Leo asubuhi niliamka, nikakunywa chai. Mtu hayuko, anakunywaga chai?"

Watu wakacheka, na mimi kule chini jasho likaanza kunitoka, maana ndipo jina lile na picha ile na viatu vile vilipokuwa mtu mmoja.

"Ofisa aliyeandika yuko wapi?" akauliza mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, mzee wa miwani.

"Iko chini ya meza!" akajibu kijana mmoja kutoka dirishani, na hapo darasa zima likavunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila ile ilikuwa saruji.

Nikatoka kinyumenyume, nikasimama nimeelekea ubaoni, mgongo kwa mama mkwe. Nikamnong'oneza mwenyekiti kuwa huyu ni mkwe wangu. Naye alikuwa mtu wa mila, akanihurumia kweli, lakini akasema wazi mbele ya wote: kamati inafunga leo. Aliyeandika asipoondoa neno lake, jina linakwenda, na mama huyu hatapiga kura. Na kuliondoa si kwa kunong'ona, ni kumwona mtu mwenyewe na kumtaja jina.

"Nimemwona," nikasema.

"Umeona ubao."

Nyuma yangu nikasikia sauti yake ikinisemesha, mara ya kwanza tangu nilipooa pale kwake. "Mkwe, geuka."

"Mama, siwezi."

"Geuka. Heshima yako nimeiona miaka tisa, imenitosha. Leo nataka kura yangu."

Nikageuka. Alikuwa yule yule wa kwenye picha, macho yale yale ya chungu kilichovunjika, ila midomo ilikuwa inazuia kicheko. Nikasema (sauti ikinipasuka kama ya kijana anayebaleghe), "Huyu ni Ajambo Perepetua, anaishi hapa, nilikosea." Mwenyekiti akaandika. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikadhani yamekwisha.

Kumbe yeye alikuwa hajamaliza. Akawageukia watu. "Nilikuwa mtoto wa fulani, nikakuwa bibi ya fulani, sasa ni Mama Nekesa. Sikatai, ni majina mazuri. Lakini siku ya kura wanasoma Ajambo Perepetua, na mimi naitika. Ni hiyo siku tu." Akaokota kitambulisho chake mezani akatoka, na aibu ya chini ya meza ikawa si kitu tena. Niliona aibu ya kweli, ile inayokaa kifuani, na nikampenda yule mama kuliko nilivyowahi kumpenda mtu nisiyemjua sura.

Wazee wa ukoo wakaamua nimevunja mwiko, nikapeleka kondoo. Mke wangu alicheka siku mbili, siku ya tatu akaona zamu ya kununa imefika, akanuna kwa niaba ya mama yake. Mimi, siku ile ile ya malalamiko, kabla kamati haijafunga jioni, nilimchukua mwenyekiti wa kijiji tukazunguka kwenye nyumba za wale wengine niliowaandika kutoka mezani, na reflekta yangu hivyo hivyo, na ng'ombe wakinishangaa. Tulimkuta "hajulikani" mmoja anakamua maziwa. Mwingine, Mama Fulani wa siku zote, alipoulizwa jina lake mwenyewe alitabasamu kwanza, ndipo akalitaja.

Siku ya kura nilimsindikiza mke wangu mpaka kwao, nikabaki mbali, kwenye ua wa shule, uso nimeuelekeza kwenye mihogo kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Nikasikia karani anasoma kwa sauti, "Ajambo Perepetua!" Na yule mama, ambaye nyumbani huongea taratibu, akaitika "Niko!" mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikaapa palepale, nikiwa nimeipa mihogo uso: sitaandika tena kwamba mtu hayupo kabla sijabisha hodi mlangoni kwake, hata kama mlango wenyewe ni wa mama mkwe.