Baba Mkwe Katika Ukuta wa Chang'ombe

Mwaka 1953 nilikuwa karani wa bohari, mwenye nyumba ya saruji Chang'ombe na mke aliyezuiliwa kwao. Kokuberwa alikuwa amekwenda Bukoba kujifungua. Mtoto alipotimiza miezi minane, baba mkwe wangu, Mzee Kamugisha, aliniandikia kwamba atamleta binti yake mwenyewe na kuikagua nyumba. Isipompendeza, ataondoka naye kwa gari la moshi la Jumamosi.

Mtu mwenye akili angeziba paa, ambalo lilikuwa limetoboka. Mimi niliamua kuchora picha ukutani.

Nieleze kwa usahihi sifa nilizokuwa nazo. Katika shule ya misheni nilipata alama tisini na nne za uchoraji, kwa kuchora jagi. Tangu siku hiyo sikuwa nimechora kitu kingine. Hata hivyo nilimjibu mzee kwamba atajikuta ukutani kwangu, amevaa kanzu, akimkama ng'ombe wake mashuhuri. Barua niliipeleka posta kabla sijanunua brashi.

Niliupaka chokaa ukuta wa mbele, nikaugawa kwa rula na penseli katika miraba ya inchi sita, nikaanza kazi. Jirani yangu Polikarpo, mchonga vinyago kutoka Newala, alikuja kutazama.

"Karani, hicho ni kitanda?"

"Ni ng'ombe."

"Basi mpunguzie miguu. Nimehesabu mitano."

"Wa tano ni mkia."

"Haya. Nikusaidie? Mie mkono wangu umezoea wanyama."

"Ahsante, ndugu yangu. Mimi nimesomea."

Kilichonishinda ni kanzu. Nyeupe juu ya chokaa haikuonekana kabisa; mzee alibaki kichwa na mikono miwili inayoelea hewani. Nilikuwa na rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka milango. Nikaipaka kanzu rangi hiyo, nikaibana kiunoni ili mikunjo ionekane, nikarudi nyuma hatua kumi, nikaridhika. Nakiri kwamba kuridhika kwangu hakukuwahi kuhitaji ushahidi.

Walifika Alhamisi alasiri. Kokuberwa aliutazama ukuta, akafunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mzee aliitikia shikamoo yangu, kisha akaanza kujitafuta. Alitembea kutoka pembe hii ya ukuta hadi pembe ile, akarudi.

"Gozbert, niko wapi? Ng'ombe nimemwona. Na huyu mwanamke anayemkama ni nani?"

Kwetu Bukoba, mwanamke kukama ng'ombe ni mwiko. Kokuberwa aliniminya mkono, akaninong'oneza, "Sema ni jirani." Kule barazani kwake, Polikarpo aliacha kugonga patasi.

Ningesema uongo kwa furaha, lakini barua yangu mzee alikuwa nayo mfukoni.

"Ni wewe, baba."

Alikaa polepole juu ya sanduku la binti yake.

"Mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Na gauni hilo?"

"Ni kanzu, baba. Nyeupe haikuonekana."

"Na kiuno hicho?"

"Mikunjo, baba."

Kokuberwa alianza kumfunga mtoto upya mgongoni, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Nami nikajiona nikimsindikiza stesheni.

"Nilikuja nikiwa tayari kumrudisha," mzee alisema hatimaye. "Paa lako nililiona tangu barabarani. Lakini nikimrudisha, wenzangu wataniuliza sababu, na picha hii wataisikia. Nitawaambia nini? Sababu kama hii haisemeki mbele za watu."

"Kwa hiyo atabaki, baba?"

"Atabaki. Na picha ifutwe leo, kabla hajapita Mhaya mwingine."

Niliinama kuchukua brashi.

"Si wewe!" alipaza sauti. "Ukishika wewe, nitatoka hapo nina mimba."

Chokaa aliipaka Polikarpo, akicheka hadi akalazimika kuegemea ukuta uliokuwa bado mbichi. Mimi nilipewa mtoto, ambaye sikuwa nimewahi kumshika. Kokuberwa alinionyesha namna ya kumbeba, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuelewa.