Tairi za Kumshushia Dada Kutoka Newala

Mlioniuliza kwa nini Jumanne ile sikuonekana shambani, nilikwenda Newala kumchukua dada yangu, Bi Amina. Aliteleza uani kwake akavunjika nyonga, akalazwa wiki nyingi, na sasa daktari alisema anaweza kuja kwangu Lisekese nimtunze, ila asitikiswe njiani. Basi la abiria alilikataa. Gari la kubeba korosho alilikataa kwa matusi. Akaniletea ujumbe kwamba kama safari yenyewe ni ya kurushwarushwa, tumwache afie huko huko, na tusije kulia. Namjua. Akisema hivyo hatanii.

Mjukuu wangu Shaibu alikuwa amekuja likizo na gari lake. Ni gari jeusi la milango minne, la watu wapenda mbio, limelala chini hata kuku akipita uvunguni anainama. Siku aliyofika, tairi mbili za mbele zilikuwa zimevimba ubavuni kama mtu mwenye jino bovu. Zilikuwa zimepigwa na mashimo.

"Mume wangu," nikamwambia, "utanipeleka Newala, lakini kwanza tupite Masasi tutafute tairi."

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume. Asiyejua, ajue.

Saa mbili asubuhi tuliingia Masasi mjini. Mapajani nilipakata sufuria ya togwa, imejaa hadi ukingoni. Mfuniko wake ulipotelea msibani, na kumpelekea dada yangu nusu sufuria ni kumtukana. Tukafika kwa muuza tairi, anaitwa Baba Sofia, Mmakonde wa Newala. Mimi Mmakua. Watani hao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umeoga, au huko kwenu juu bado mnasubiri umande?"

"Tumeoga, Bibi. Maji tumeyamaliza sisi, ndiyo maana ninyi mmebaki hivyo."

Nikaona kweli nimefika. Shaibu yeye alikuwa ameshainua macho ukutani, kwenye rimu za inchi kumi na tisa zinazong'aa kama meno ya dhahabu. Baba Sofia akauliza tunakwenda wapi. Nikamweleza habari ya dada na nyonga yake. Akachuchumaa, akasoma maandishi kwenye tairi: mbili ishirini na tano, mkwaju, arobaini na tano, halafu kumi na nane.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini namba nazijua. Nikauliza, "Hiyo arobaini na tano ni ya nini?"

"Ya kwanza ni upana wa tairi. Huo upana ukiugawa mafungu mia, ubavu umepewa mafungu arobaini na tano. Kumi na nane ni inchi za rimu."

"Yaani rimu ni kitanda, ubavu ni godoro."

"Bibi, umesomea wapi?"

"Kwenye kulala."

Akacheka, kisha akasema, "Basi huyu mumeo ana kitanda kikubwa na godoro jembamba kama kitambaa. Akipanda kumi na tisa, mtalalia chuma. Kwa mgonjwa, shukeni rimu ya kumi na sita, tairi mbili kumi na tano kwa sitini. Kimo cha tairi kitabaki karibu kile kile, chuma kitapungua, mpira utaongezeka."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikajiuliza, muuza duka gani anakwambia chukua ndogo? Tena Mmakonde, anamwambia Mmakua? Kuna mtani wangu aliwahi kunielekeza msibani, nikaingia nyumba ya watu ninalia, kumbe harusi. Nikamtazama Baba Sofia usoni. Anatabasamu. Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango, ina namba zote mbili, ile yetu na ile yake.

"Gundi hata wewe unayo," nikamwambia.

Shaibu anataka kumi na tisa, mtani anasema kumi na sita. Nikaamua kama mzee wa baraza: ibaki kumi na nane, kama zilivyokuwa. Nilijiona nimegawa haki. Zikafungwa tairi mpya, zinanukia, Shaibu akazipiga picha.

Saa nne tukashika njia ya Newala. Hatujafika Chiungutwa, pale barabara inapotengenezwa, gari likaingia kwenye mfereji mmoja, wala si mkubwa. Togwa ikanirukia usoni, ikateremka kifuani, ikaenda ilikokwenda. Shaibu akatazama mbele kama yuko kwenye swala.

"Pole, Bibi."

"Sijafa. Geuza."

Maana niliona wazi kwamba ile iliyomwagika ingekuwa nyonga ya dada.

Saa tano tulikuwa tena Masasi. Baba Sofia amekaa nje, pembeni yake rimu nne za kumi na sita, tairi zake zimeshavalishwa. Miguuni pake kuna jeki.

"Hii sijairudisha ndani," akasema. "Nilikuwa nawasubiri Wamakua."

"Kwa nini hukuniambia kweli?"

"Nilikuambia kweli, Bibi."

"Ungeisema kwa uso wa kweli."

"Uso ninao huu mmoja."

Safari hii sikuacha jambo mdomoni mwa mtu. Niliomba kamba, nikaizungusha tairi ya kumi na nane, nikapiga fundo. Nikaizungusha ya kumi na sita. Ilizidi upana wa kidole tu. Kumbe tairi inakuwa na kimo kile kile, ila sehemu ya chuma imechukuliwa na mpira. Baba Sofia akaweka rimu moja mbele, akaizungusha kwa mkono ili tuone kama inagusa breki.

"Kuna magari ya mbio yana breki kubwa, rimu ndogo hugoma kuingia," akasema. "Hili limekubali."

Zile kubwa akazichukua yeye, tukabadilishana. Shaibu alizisindikiza kwa macho mpaka zilipoingia dukani, kama mtu aliyeachwa na mchumba kituoni.

Mchana tukaupanda mlima wa Newala. Kokoto zilikuwepo, mashimo yalikuwepo, lakini yalinifikia kwa adabu, yamechoka. Togwa iliyobaki, nusu ile, ilitikisika kama mtu anayecheka kimoyomoyo, haikutoka nje. Tulipofika juu upepo ukawa wa baridi, mikorosho huku na huku, bonde limebaki chini mbali.

"Sasa linaonekana kama gari la mwalimu mkuu," Shaibu akalalamika.

"Mwalimu mkuu hufika."

Saa nane tulikuwa hospitali Newala. Dada alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, mlangoni, amenuna.

"Umechelewa. Na mbona unanuka togwa?"

"Nilikuwa naipima."

Akataka asukumwe hadi kwenye gari. Akalizunguka. Akanyoosha kidole, akaibonyeza tairi ubavuni kama anayebonyeza papai.

"Nani kachagua?"

"Mmakonde."

"Basi tumekwisha."

Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo asubuhi. Muuguzi na Shaibu wakamlaza kiti cha nyuma, mito chini ya nyonga na pembeni, mimi nikakaa mbele. Shaibu akateremka mlima polepole. Dada hakusema neno, na kwa dada yangu kunyamaza ni dalili mbaya. Tulipoufikia mfereji ulionikosha uso, nilishika mlango kwa mikono miwili. Gari likaingia, likatoka. Nikageuka. Ameyakodoa macho kwenye dari.

"Dada, umeumia?"

"Nyamaza. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Mfupa."

Tukaenda kitambo. Kisha dada akasema, "Haujasema kitu," akafumba macho. Haikupita dakika, akaanza kukoroma. Nikageukia dirisha langu, maana macho yalikuwa yameniwasha, na vumbi halikuwepo.

Saa kumi na moja jioni tukafika Lisekese. Nilichorudi nacho ni hiki: tairi haichaguliwi kwa macho ya wanaosimama barabarani, huchaguliwa kwa mifupa ya aliyelala ndani. Na mtani akikushauri huku anacheka, usimtazame meno, chukua kamba upime.

Wanawake walikuja kumteremsha dada, akakataa. Alisema kitanda changu anakijua tangu zamani, hakimpendi. Alikaa garini hadi magharibi, akipokea wageni dirishani mmoja mmoja, na kila aliyesogea kumpa pole alimwambia kwanza avue viatu.