Nilivyomuua Mwenyekiti kwa Mistari Minne

Haya nimewahi kuyasema mbele ya watu wachache tu, na kila nikifika katikati masikio yananiwaka, lakini kwa kuwa baadhi yenu mmekwisha kuyasikia kwa midomo ya watu waliotia chumvi (kuna anayesema tulisoma hitma nzima, si kweli, mikeka ilitandikwa tu), bora mnisikie mwenyewe. Mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, nilimuua mwenyekiti wangu kwa kalamu, na yote ni kwa sababu nilitaka kuandika vizuri.

Wakati ule Mwingereza bado yupo, Bwana Shauri anakaa boma la Newala, nami nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa korosho pale Mkunya. Karani mwenyewe wa darasa la nne. Kazi yangu kubwa ilikuwa barua, kuomba gunia, kuomba mizani itengenezwe, kuuliza lori litakuja lini, na barua hizo niliziandika kama baba yangu alivyonifundisha kumwandikia mjomba: kwanza salamu kwako, kisha salamu kwa wa nyumbani kwako, kisha sisi huku hatujambo ila homa kidogo ya mtoto lakini sasa ameanza kula, kisha habari ya mvua, kisha fulani na fulani wanakusalimu, na chini kabisa, pale karatasi inapokwisha, gunia.

Siku moja nimekwenda mkutanoni Masasi, katibu wa vyama vyetu, Bwana Mtepa, akaitoa barua yangu mfukoni akaisoma mbele ya makarani wote, polepole, na alipofika kwenye homa akainua kichwa. "Karani, mtoto amepona?"

Nikasema amepona.

"Alhamdulillahi. Sasa gunia mnataka ngapi? Maana hilo hukuliandika."

Walicheka mpaka yule wa Nanganga, ambaye hata jina lake mwenyewe huliandika kwa kubahatisha, akajifuta machozi. Nilirudi Mkunya juu ya lori.

Ndipo nikaenda kujifunza. Pale Newala palikuwa na karani mstaafu wa boma, Mzee Yakobo, aliyefundisha watu wazima kila Jumamosi asubuhi, na darasa lilikuwa la watu wanne: mimi, mwenye duka mmoja, dresa wa zahanati, na mzee mmoja wa baraza aliyekuja, nadhani, kupumzika tu. Nilikwenda kwa baiskeli katika mchanga ule mnaoujua, nusu ya njia unaisukuma, nafika jasho linanitiririka na daftari limelowa. Mzee Yakobo alikuwa na neno moja tu la kufundisha, ila alilifundisha kweli. Anakunyooshea kidole kwenye karatasi anakuuliza, "Neno hili likitoka, kuna kinachopotea?" Ukisema hapana, analikata. "Barua ya kazi ni jambo moja na maneno machache. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani."

Nikashikwa na ugonjwa wa kufuta. Nilifuta kwenye barua, nikafuta kwenye matangazo ya chama, mwisho nikaanza kufuta hata maneno ya kinywani, mpaka mke wangu, Mama Zuhura, akaniuliza kama nina jino linaloniuma.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Bwana Mtepa alikuwa aje Mkunya siku ya Alhamisi kuzungumza na mwenyekiti wetu, Mzee Nangumbi, habari za mizani. Jumatatu Mzee Nangumbi akanijia ofisini, yeye na mkewe wamekwisha kufunga mizigo, akasema, "Karani, mimi nakwenda Chilangala, mjukuu wangu anatoka jandoni. Mwandikie katibu nimesafiri, naibu atazungumza naye." Jambo jepesi. Mtoto wa shule angeliandika.

Nikaandika ukurasa mzima, kisha nikaanza kazi ya Mzee Yakobo. Salamu, kata. Mjukuu? Mambo ya nyumbani, kata. Chilangala? Nikajiuliza, Chilangala ikitoka kuna kinachopotea? Nikaona hakuna, katibu anataka kujua mtu yupo au hayupo, alikokwenda kunamhusu nini. Nikakata. Nikabaki na mistari minne, mizuri, imenyooka, na niliisoma mara tano kwa kujipenda:

*Mwenyekiti wetu, Mzee Nangumbi, hatunaye.*
*Naibu ameshika nafasi yake.*
*Alhamisi mnakaribishwa.*
*Tafadhali wajulishe wanaohusika.*

Nikampa dereva wa lori siku ile ile.

Alhamisi asubuhi nimevaa shati jeupe, naibu, Bwana Selemani, amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti (alikipenda kile kiti), tunamngoja katibu. Lori likaingia. Badala ya mtu mmoja na dereva wake, nikaona lori zima limejaa watu, wanaume wamevaa kanzu, wanawake wamejifunga khanga viunoni na vichwani, juu kuna magunia mawili ya mchele, na kabla halijasimama vizuri kilio kikaanza. Mimi nikafikiri kuna jirani yetu amefariki nami sijaarifiwa. Basi nikatoka mbio, nikavaa uso wa msiba, nikaanza kushika mikono ya watu, poleni, poleni sana, kazi ya Mungu. Nao wananijibu, "Tumekwisha kupoa, poleni nyinyi mliokuwa naye karibu."

Bwana Mtepa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake mekundu. "Karani," akasema, "barua yako imetutoa machozi ofisi nzima. Hukusema mengi, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Safari hii umeandika."

Nikwambieni ukweli, kabla sijaelewa chochote, nilifurahi. Nilisema ahsante, bwana. Kisha nikayasikia tena maneno yale, barua yako imetutoa machozi, nikajua ni msiba wa nani niliokuwa nikiutolea pole.

Nilitaka kusema pale pale, Mungu shahidi, lakini mbele yangu akashuka Bi Somoe, dada yake Mzee Nangumbi, anayekaa Masasi, mama mtu mzima anayetembea kwa fimbo, na wawili wamemshika mikono. Bwana Mtepa ndiye aliyemwendea nyumbani kumpa habari, si nilimwambia awajulishe wanaohusika. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akasema, "Mmemzika wapi? Nipelekeni nikamwone ndugu yangu alipolala."

Na kijiji nacho kikamaliza kuharibu. Majirani waliposikia kilio walikuja, wakasikia jina la Mzee Nangumbi, na kwa kuwa walijua amekwenda Chilangala, wakajijibu wenyewe: kumbe amefia huko. Wanawake wakaangua kilio kipya. Mikeka ikatandikwa uani kwake. Mama Zuhura na wenzake wakatoa maji yote ya nyumbani, maji waliyopanda nayo kutoka bondeni kichwani tangu alfajiri, wakapika mchele na kunywesha wageni. Na jirani yangu mmoja akanikazia macho. "Karani ulijua tangu Jumatatu ukanyamaza? Una moyo gani wewe?"

Nikamvuta Bwana Mtepa nyuma ya ghala. Nikamwambia. Akaitoa barua, akaisoma kimya, akaisoma tena kwa sauti.

"Hatunaye," akasema. "Hatunaye wapi?"

"Hapa Mkunya, bwana. Amekwenda kumtoa mjukuu jandoni."

"Sasa kwa nini hukuandika amekwenda kumtoa mjukuu jandoni?"

"Niliandika, bwana. Nikafuta."

Akaikunja barua akanirudishia mkononi. Kisha akasema, "Nenda ukawaambie mwenyewe. Mimi nimekwisha kuwaambia ya kwanza."

Nilisimama katikati ya ua ule nikasema Mzee Nangumbi hajafa. Mnadhani walishangilia? Bi Somoe akasema taratibu, "Mwanangu, usinifiche. Mimi ni mtu mzima. Kama hakuzikwa vizuri niambie tu." Kadiri ninavyoapa ndivyo anavyozidi kulia, maana mtu anayeapa sana mbele ya msiba anaficha kitu. Ikabidi mtu apande baiskeli kwenda Chilangala kumleta marehemu.

Alifika alasiri, mavumbi mwili mzima, na aliyemfuata, kwa kuogopa kumwambia mtu kwamba amekufa, alimwambia tu kwamba dada yake amekuja Mkunya analia, akadhani dada ndiye aliyefiwa. Akaingia uani anauliza, "Nani?" Bi Somoe akainuka bila fimbo. Alimshika uso ndugu yake, akampapasa mabega, kisha akamchapa kofi la mgongo kama anamchapa mtoto, akaketi chini akalia upya, kilio kingine kabisa.

Mzee Nangumbi akaomba asomewe barua. Nikaisoma mimi. Alipousikia mstari wa pili akamgeukia naibu. "Kumbe nafasi yangu imekwisha kushikwa." Bwana Selemani akajisogeza nyuma ya watu. Kisha mzee akaniambia, "Mchele umeshapikwa, watu wale. Wewe kesho utarudi na dada yangu Masasi. Kila nyumba iliyosikia nimekufa, utaingia, utaeleza kwa kinywa chako. Usifupishe."

Siku mbili nilizunguka Masasi nyuma ya fimbo ya Bi Somoe, nyumba kwa nyumba, shikamoo, marahaba, mimi ndiye karani, Mzee Nangumbi ni mzima, alikwenda Chilangala, na katika kila ua ananisimamisha, "Waeleze na habari ya kufuta." Nikaeleza.

Kazini sikufukuzwa, na kwa Mzee Yakobo niliendelea kusoma, maana maneno yake yalikuwa kweli, aliyeyashika vibaya ni mimi: nilijiuliza tu kama mimi ninayejua habari nitapoteza kitu, sikumfikiria anayesoma asiyejua lolote. Niliapa pia kwamba habari ya uhai na mauti sitaitia tena kwenye karatasi.

Miaka mingi baadaye, bendera imekwisha kubadilika, Mzee Nangumbi akafariki kweli, kwa homa, kitandani kwake. Watoto wake wakanijia wakasema, karani, andika. Nikakataa. Nilipanda lori la kwanza nikaenda Masasi mwenyewe. Bi Somoe alikuwa uani kwake anapepeta mpunga, haoni vizuri tena, nikamwamkia naye akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, nami nikamjibu moja moja, sikuruka hata moja. Tulipomaliza zote akaweka ungo chini, akasema, "Haya, mwanangu. Safari hii ni kweli, sivyo?"