Mlango Ambao Baba Hakuubisha

Baba alibisha hodi mara tatu kwenye kila mlango, hata wa chumba chake mwenyewe. Mama alimtania, "Karibu mgeni, mwenye nyumba hayupo." Baba hakuiacha tabia hiyo maisha yake yote.

Alikuwa kocha wa timu ya taifa kwa miaka kumi na mmoja. Kila baada ya mazoezi ya mwisho kambini, alipita kwenye vyumba vya wale aliowaacha nje ya kikosi, akawaambia ana kwa ana. "Mtu asisikie habari yake redioni," alisema. Asiyebishiwa alijua kesho anacheza. Wachezaji walimwita Hodi. Viatu vyake vikisikika kwenye korido, muziki ulizimwa, na mmoja alinong'ona, "Mtoa roho huyo. Leo zamu ya nani?"

Kaka yangu alikuwa kipa wa timu hiyo. Mwaka wa fainali goti lilimvimba, akaficha, lakini baba alikuwa na macho. Jioni ya kuamkia fainali baba alibisha milango minne. Akaufikia wa tano, akainua mkono, akaushusha, akaondoka. Kaka, ndani, alizisikia hatua zikipita. Akampigia mama simu huku akicheka: "Mama, nimo!"

Kesho yake kikosi kilisomwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, glavu zikiwa tayari mikononi mwa kaka. Jina lake halikuwemo.

Kombe tulilichukua. Watu walimbeba baba juu juu, wakampa nyumba, wakaimba jina lake miaka na miaka. Kaka alihamia mji wa mbali na hakukanyaga tena kwetu. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini hakubisha.

"Wale wengine nilikuwa kocha wao," akasema, akarudia kufuta miwani iliyokwisha kung'aa.

Alipolazwa, vidole vyake vikawa vinagonga chuma cha kitanda, tatu, kisha tatu tena. Nikampigia kaka.

"Anataka kuniambia nini?" akauliza. "Muulize kwanza, dada. Sitaki kuja kusikilizia hewa."

Nikamuuliza. Kaka alifika siku mbili baada ya mazishi, begi begani, na swali ni lile lile. Sikuwa na la kumpa ila maneno ambayo baba aliniambia akiwa amenikamata mkono, na baada ya hayo hakusema tena:

"Usimpelekee wewe, mwanangu. Hili nitakwenda kumwambia mwenyewe."